Udalali wa Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama iliuzwa jikoni, siku ambayo dalali hakuwepo, hakupiga simu, na wala hakuna aliyemkumbuka. Naanza na hilo kwa sababu baadaye yalisemwa maneno mengi sana, na waliosema mengi zaidi ni wale ambao siku hiyo jikoni hawakuonekana. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa, napindia sketi ya mama.

Mama alikuwa anaosha vyombo. Nesi, mpangaji wetu wa vyumba viwili vya uani, aliingia akiwa bado na sare ya hospitali, akachukua kitambaa na kuanza kufuta sahani, jambo alilozoea kulifanya kila akitoka zamu. Alifuta ya kwanza, akafuta ya pili, kisha akasema bila kugeuka, "Mama, hii nyumba niuzie mimi." Akataja bei.

Mama aliiachia sufuria ikazama. Alinitazama mimi, akamtazama Nesi, akatazama dari, kisha akajifuta mikono kwenye gauni na kusema, "Haya, mwanangu. Nyumba yako." Wakashikana mikono, povu likadondoka sakafuni, biashara ikaisha. Baadaye Nesi alileta malipo ya kwanza kutoka chama chake cha akiba na mikopo, wakaandikishana mbele ya mwanasheria, ikabaki kumalizia na kubadilisha hati.

Kilichomfurahisha mama kupita kiasi ni ile bei. Mbele za watu alikuwa anataja bei ya juu ili apate pa kushukia. Bei yake ya mwisho, ile ambayo chini yake hauzi hata umlilie, alituambia sisi wanawe wawili tu, tena mlango umefungwa. Nesi alikwenda moja kwa moja akaitaja hiyo hiyo. Mama aliona ni mkono wa Mungu. "Utadhani amenifungua kifua akasoma!" aliwasimulia majirani, mpaka wengine wakaanza kupita njia nyingine.

Furaha hiyo haijapoa, dalali akatokea getini kudai udalali wake.

Huyu dalali ana jina alilopewa na wazazi, lakini mtaani kwetu anaitwa Funguo. Hutembea na mzigo wa funguo kiunoni, na suruali yake imeshakubali kushuka upande mmoja. Asiyemjua hudhani nyumba zote hizo ziko mikononi mwake. Ukweli ni kwamba nyingi zilishauzwa na wengine, nyingine zilishabomolewa, na ule ufunguo wake mkubwa anaopenda kuuchezea wakati anaongea ni wa kabati. "Ofisi yangu ni hapa," husema akijipiga kiunoni, na funguo zinamwitikia.

Aliyemleta kwetu ni kaka. Kaka ni kifungua mimba, na tangu baba alipofariki amejipa cheo cha uenyekiti wa familia. Hakuna aliyempigia kura. Tunamwita Mwenyekiti, na yeye anadhani tunamheshimu. Mtu akiugua, Mwenyekiti anaitisha kikao. Bomba likipasuka, Mwenyekiti anaitisha kikao, na maji yanaendelea kumwagika huku sisi tunasikiliza neno la ufunguzi. Kwa hiyo mama aliposema magoti yamemshinda ngazi na anataka kuuza, Mwenyekiti alifika na Funguo, Funguo akafika na karatasi.

"Mama, siku hizi nyumba haiuzwi kienyeji," kaka alisema. "Huyu ni mtaalamu."

Mama akaonyeshwa pa kutia sahihi, akatia. Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema nyumba ikiuzwa kwa mtu yeyote ambaye dalali amemwonyesha hiyo nyumba, dalali atalipwa asilimia yake. Kuhusu mtu ambaye mwenye nyumba amejipatia mwenyewe haikusema lolote. Niliisoma zaidi ya mara moja. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na wazazi wa wanafunzi wamenifundisha kutoamini kipimo ambacho sikukichukua kwa mkono wangu.

Utendaji wa Funguo niliushuhudia kwa karibu. Alikuja karibu kila siku, mara nyingi saa ya chai. Alijifungulia kwa ufunguo aliopewa na kaka, akazungusha watu vyumbani huku akiongea bila kumeza mate, na mwisho wa kila ziara alimsimamisha mteja mlangoni, akasimama naye bega kwa bega, akanyoosha mkono na kupiga picha kwa simu. Hakumwacha mtu. Hata yule bibi aliyekuja kuuliza kama tunauza mayai alipigwa picha.

"Dunia ina wajanja, dada," alinieleza huku akichovya biskuti. "Unamwonyesha mtu nyumba, yeye anarudi kinyemela kwa mwenye nyumba, wanamalizana, wewe unabaki kunuka jasho. Lakini mimi nikishakupiga picha, umekwisha. Huwezi kusema hunijui."

Simu yake ikajaa watu wasionunua nyumba, wote wakitabasamu mlangoni kwetu. Hakuna hata mmoja aliyerudi.

Ndiyo maana aliposimama getini kudai chake nilicheka, nikijua anatania.

"Udalali wa nini?" nilimuuliza.

"Wa nyumba, dada."

"Nyumba imeuzwa na mama. Aliyenunua ni mpangaji wake. Wameuziana jikoni. Wewe umeingilia wapi?"

"Nyumba ilikuwa mikononi mwangu."

"Mikononi mwako nilikuwa naona biskuti tu."

Hakukasirika. Dalali akikasirika kila anapotukanwa atakufa njaa. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema atazungumza na mkubwa wa familia, akaondoka, funguo zikilia kama njuga.

Jioni ile ile kaka alinipigia simu. "Mdogo wangu, tusimdhulumu mtu jasho lake. Mama alitia sahihi. Tuna heshima zetu."

Heshima hiyo sikuwa nimeiona siku nyingi. Paa lilipovuja haikutokea, na ada ya zahanati ya mama ilikuwa inalipwa na cherehani yangu. Lakini kwa Funguo ilikuja mbio, imevaa suti. Kaka alinieleza mambo ya sheria, mambo ya imani katika biashara, mambo ya jina la marehemu baba. Alizungumza kwa uchungu kiasi kwamba nilimuuliza kama Funguo amemuoa dada yetu mwingine nisiyemjua. Akasema kikao ni Jumapili na akakata simu.

Sasa, udalali ungetoka kwenye pesa ya kutalii, nisingepandisha presha. Lakini mama hakuuza nyumba ili atembee dunia. Mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, anakaa upande wa pili wa mji, na nyumba inayotazamana na yake ilikuwa inauzwa. Vyumba viwili, choo ndani, hakuna ngazi hata moja, na kutoka mlango huu hadi ule unaweza kumrushia mtu kanga akaidaka. Tangu wamefiwa na waume zao, hawa wawili walikuwa na hamu moja tu, wakae mahali wanapoweza kugombana bila kutumia vocha. Pesa ya Nesi ilitosha nyumba ile, ikatosha hati, na kikabaki kidogo cha kupaka rangi. Ukitoa udalali, haitoshi. Na mwenye ile nyumba alishasema mwisho wa mwezi asipoona malipo yote anampa mtu mwingine aliyekuwa anamsumbua kila siku.

"Ikishindikana, si atakuja kwangu?" kaka alisema. "Mama hawezi kukosa pa kukaa mimi nikiwepo."

Kwake ni chumba cha nyuma ya gereji, hakina dirisha, na wifi alikuwa ameshakipima kuona kama mama akiingia mashine ya kufulia itabaki mle mle au itahamishwa. Walipokipima, waliona mashine inaweza kubaki. Mama alikwenda kukitazama mara moja. Aliporudi alikaa kitandani akavua viatu polepole, nikamuuliza kikoje. Akasema tu, "Mwanangu, mimi sijafa bado." Nilikwenda uani nikalia kwa hasira, kisha nikanawa uso na kurudi kwenye sare zangu.

Jumapili alasiri tukakutana sebuleni. Kaka alikaa kwenye kiti cha baba, pale pale alipokuwa akikatazwa kukaa utotoni. Mama alikaa kwenye kiti cha mbao kisichomsumbua magoti. Funguo alikuja na koti zito katika joto lile, akachagua sofa iliyo karibu na biskuti. Mimi nilibaki nimesimama, maana nikikaa huwa nakuwa na adabu, na siku hiyo sikuja kwa ajili ya adabu.

Mwenyekiti alifungua kikao. Alitushukuru kwa kuhudhuria, ingawa mama na mimi tunakaa humo humo. Alieleza umuhimu wa amani. Alipofika kwenye umuhimu wa umoja nikamkatiza.

"Kaka, huyu anadai. Aseme anadai kwa lipi."

Funguo akakohoa. "Kwanza kuna bango. Bango la NYUMBA INAUZWA getini nililiweka mimi."

"Nesi anakaa ndani ya geti. Bango limetazama nje."

"Lakini si anatoka na kuingia? Akiingia analisoma."

"Kwa hiyo na mtu wa posta anayeleta barua akinunua nyumba utamdai?"

"Pili," akaendelea, "kuna hadhi. Kabla yangu hii ilikuwa nyumba tu. Mimi nimeipandisha hadhi, ikawa mali."

Mama akatazama ukuta uliobambuka rangi, kisha akamtazama Funguo. Nikaona niwamalize mapema. Nikachukua karatasi, nikasoma kwa sauti pale panaposema mtu aliyeonyeshwa nyumba na dalali, nikaikunja.

"Swali ni moja. Ulimwonyesha Nesi hii nyumba?"

Funguo akasita. "Huyo Nesi ndiye yupi hasa?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu amevaa koti, amekunywa chai yetu, amemtoa kaka jasho, anadai asilimia ya nyumba, na hamjui aliyenunua! Kumbe wakati wote Funguo alipokuwa akija, Nesi alikuwa amelala, kwa kuwa zamu yake ni ya usiku, na mlango wake umejificha nyuma ya matangi ya maji. Kaka akasema hilo ni suala dogo la kiutaratibu. Funguo akaomba mnunuzi aitwe, ili angalau wafahamiane. Nikaenda kumgongea Nesi mwenyewe, tena kwa mbwembwe, nikijua nakwenda kuleta msumari wa jeneza.

Nesi alikuja na kitambaa kichwani na alama ya mto shavuni. Akasalimia, akakaa pembeni ya mama.

Funguo alimkodolea macho. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Kisha akachomoa simu na kuanza kupangua picha kwa kidole gumba, nyuso za watu zikipita mbio, yule bibi wa mayai naye akapita, mpaka kidole kikasimama. Akainuka. Sijawahi kumwona mwanamume amepandwa na furaha namna ile na wala si siku ya harusi yake.

"Huyu hapa!" akasema. "Huyu hapa, jamani! Nilimwonyesha!"

Ilikuwa kweli. Nesi amesimama mlangoni kwetu, yumo ndani ya sare, macho nusu yamefumba, bega kwa bega na Funguo aliyeonyesha meno yote. Simu ikazunguka. Mama aliishika mbali na uso ili aone vizuri.

"Ni wewe huyu, mwanangu?"

"Ni mimi, Mama," Nesi alisema.

Kaka akashusha pumzi na kuegemea kiti cha baba. "Basi," alisema, "kikao kimepata ushahidi. Karatasi inasema aliyeonyeshwa. Huyu ameonyeshwa. Mdogo wangu, umeisoma wewe mwenyewe kwa sauti."

Nilikuwa nimeisoma, tena kwa sauti. Nilitamani sakafu ipasuke. Niliona mlango wa kule kwa mama mdogo unafungwa, nikaona chumba cha nyuma ya gereji na mashine ikizungusha nguo za wifi kando ya kichwa cha mama yangu. Mdomo wangu wote ule ulikuwa umeishia kumpa Funguo ushindi. Yeye alikuwa ameshakaa, amevuta sahani ya biskuti karibu, na kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda akamgeukia Nesi.

"Eleza, dada yangu, eleza vizuri wakusikie. Nilikuonyesha, sikukuonyesha?"

"Ulinionyesha," Nesi alisema. "Tena vizuri."

"Umeona!"

"Lakini wewe unakaa humu!" nilimwambia. "Mtu anaonyeshwaje nyumba anayolala?"

Nesi akajikuna shavu. "Dada, siku ile nilichelewa kutoka zamu, sijala, sijalala. Nafika mlangoni namkuta huyu bwana anatazama saa. Ananiambia, 'Karibu dada, umechelewa kidogo.' Na kweli nilikuwa nimechelewa. Nikajua huyu ananifahamu, pengine ni mgeni wa Mama. Akasema, 'Haya, twende,' nikaenda."

Kumbe mteja aliyeahidiana na Funguo saa ile hakutokea. Funguo aliona mwanamke mlangoni, akaanza kazi.

"Hukumwambia kwamba unakaa humu?" nilimuuliza.

"Ningemwambia saa ngapi? Huyu akianza kuongea huwezi kuchomeka hata sindano. Halafu na mimi ghorofani sijawahi kupanda tangu nihamie, nikasema acha nipaone. Pazuri, Mama. Nilipapenda."

"Mimi ndiye niliyekufanya upapende," Funguo alisema. "Endelea, dada."

Na Nesi, ambaye kazini wamemzoesha kueleza kila kitu kwa mpangilio bila kuruka, akaendelea.

"Tukashuka, tukaenda uani. Akafungua vyumba vyangu kwa ufunguo wake. Akaniambia, 'Hapa kuna mpangaji, lakini asikutishe, huyu ni wa kutolewa wakati wowote. Na hii harufu usijali, watu wengine hawajijui.' Ilikuwa dawa yangu ya kuchua mgongo."

Nilicheka, lo, nilicheka. Hata mama aliziba mdomo kwa kiganja. Funguo aliweka biskuti chini.

"Mimi sikucheka siku ile," Nesi alisema. "Nilisikia natolewa. Nimekaa hapa miaka yote, nitoke niende wapi? Ndipo nikamuuliza bei. Akanitajia ile kubwa. Nikamwambia siiwezi. Akanivuta pembeni, pale chini ya ngazi, akaninong'oneza. Akasema, 'Bibi mwenye nyumba ana haraka, magoti yamemwishia. Anataja kubwa kwa maringo tu. Bei yake ya mwisho ni hii. Wewe itaje hiyo hiyo, usipande hata kidogo, mwenyewe atakupa mkono. Ila usiseme nimekwambia mimi.' Basi nikaenda chama cha mikopo. Nikaja jikoni, nikaitaja."

Alipomaliza ndipo akayasikia aliyoyasema. Akamgeukia mama. "Mama, nisamehe. Nilijua ni wewe umemtuma aseme."

Mimi nilikuwa namtazama mama, na ninachosema sasa kiliniuma kuliko kila kitu siku ile. Nilimwona akiuaga muujiza wake. Ule mkono wa Mungu aliowasimulia majirani ulikuwa mdomo wa Funguo chini ya ngazi. Aliinamisha uso akanyoosha nguo mapajani mara nyingi, ingawa haikuwa na kunyanzi.

Kisha akamuuliza Funguo kwa upole, "Baba, wewe ulikuwa dalali wa nani?"

"Wa... wa mauzo, Mama."

"Mimi nilikutia karatasi mkononi unitafutie bei nzuri. Wewe umemshika mnunuzi mkono, umemwonyesha mahali pa kunibana. Umemfanyia kazi yeye. Basi mdai yeye."

"Mimi sina karatasi naye," Nesi alisema haraka. "Na wakiniita popote, iwe kwa mwanasheria, iwe mahakamani, nitayasema haya haya."

Funguo alizima simu na kuirudisha mfukoni. Picha aliyoitoa kwa shangwe ilikuwa na mtu ndani yake, na mtu yule alikuwa na mdomo. Nesi naye, niseme ukweli, aliomba radhi tena na tena lakini bei hakuiongeza. Hata mimi nisingeiongeza.

"Ila kuna jambo moja silielewi," mama alisema. "Bei yangu ya mwisho wewe uliijuaje?"

Waliokuwa wanaijua ni watu watatu. Mmoja alikuwa anauliza. Mwingine alikuwa amesimama na damu imempanda kichwani. Wa tatu akatazama saa na kusema muda umekwenda, kikao kiahirishwe.

Funguo alikuwa amepoteza asilimia yake na sasa alikuwa anahesabu kinachoweza kuokolewa. Akamgeukia kaka.

"Mwenyekiti, kama udalali haupo, basi ile niliyokutangulizia unirudishie. Tulikubaliana nusu kwa nusu, na chako nikakupa mapema kwa imani. Mimi siwezi kupata hasara kote kote."

"Hilo si la kikao hiki," kaka alisema.

"Kikao ni chako!" nilipiga kelele. "Umekifungua wewe! Bei ya mama umeiuza, mama mwenyewe ulikuwa unampeleka gereji, halafu unatuletea jina la baba!"

"Mdogo wangu, chunga mdomo. Ile ilikuwa motisha. Nilitaka nyumba isikae muda mrefu sokoni. Nilikuwa namsaidia mama."

"Motisha iko wapi? Irudishe."

Hakuwa nayo. Ilikuwa nje, chini ya gari lake lililoegeshwa dirishani kwetu, matairi manne, mapya, meusi. Mama mwenyewe alikuwa ameyasifia kaka alipofika, akamwambia Mungu ambariki.

Funguo naye haya zikamtoka. Akasimama, akasema Jumatatu asubuhi atakwenda kukaa mapokezi ofisini kwa kaka na shida yake, na atamweleza kila atakayepita. Kaka akabadilika rangi. Akaanza kuomba apewe muda, akamwita Funguo "mzee wangu", akasahau kwamba ndani ya chumba mna mama yake. Mimi nilikuwa nafurahia, sifichi. Nilitaka Jumatatu ifike nikiwa nimekaa mapokezi kiti cha jirani.

Lakini mama alikuwa ameanza kuinuka. Alishika meza, akashika kiti, akaenda chumbani kwake kwa hatua zake zile za kuvuta mguu, akarudi na bahasha. Niliijua. Ilikuwa pesa ya rangi ya kule. Alikuwa ameshachagua rangi, na mama mdogo alikuwa ameipinga, na walikuwa wamegombana kwa raha zote kwenye simu.

"Mama, usithubutu!" nilisema.

"Kaa chini."

"Mama, huyu—"

"Nimesema kaa chini."

Nikakaa. Akaziweka noti mezani mbele ya Funguo. "Udalali sikulipi, baba, sina deni lako. Hili ni la mwanangu. Lichukue, na ofisini kwake usiende."

Kaka hakusema usilipe. Nilimsubiri aseme. Alikuwa anatazama noti zinavyohesabiwa, na mabega yake yalikuwa yanashuka taratibu, yanapumzika.

Funguo alilamba kidole, akahesabu, akahesabu tena. Kwa biashara ya kunong'onezana chini ya ngazi, alikuwa mtu mwaminifu wa ajabu. Noti chache zilizozidi alizitenga, akazinyoosha mbele yake kumrudishia mama. Mama alikuwa ameinama, anakunja bahasha tupu. Mkono uliofika ni wa kaka. Ulizipokea, ukazikunja mara mbili, ukazitia kwenye mfuko wa shati. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, na nadhani hata mwenyewe aliushtukia ukiwa umeshafika.

Sote tuliona. Nesi akatazama pembeni. Kaka akagusa mfuko.

"Nilikuwa nakushikia, Mama."

"Kaa nazo, mwanangu," mama alisema, kwa sauti ile ile anayokaribishia wageni. "Usizipoteze. Hiyo ndiyo sehemu yako ya nyumba hii."